Povu Kwenye Kitalu cha Nyanya

Ngujini, 1951

Alhamisi, 8 Machi

Mvua imeanza leo mchana nikiwa zahanati, nimeinamia kidonda cha mguu cha mzee asiyejua kunyamaza. Nimepanda nyumbani nimelowa chepechepe, na mlangoni nimemkuta mkwe wangu Koleta amesimama nje, katikati ya mvua, viganja wazi, tumbo la miezi sita mbele yake. Nikamfokea aingie ndani, anataka kuugua? Akaingia.

Mwanangu Sefania alimpandisha hapa wiki iliyopita, kisha akarudi kazini kwake stesheni ya Same. Akiwa anaondoka alinigeukia mara mbili: "Mama, mtunze." Kana kwamba ningemtupa.

Jumamosi, 10 Machi

Koleta amechimba kitalu kando ya jiko. Ana mbegu za nyanya alizozifunga kwenye pindo la kanga tangu kwao Makanya. Nimemwambia mvua hizi si za kuatika nyanya, angengoja zipungue. Akaendelea kupasua mabonge kwa vidole. Nikadhani hanisikii, nikarudia kwa sauti ya juu, maana mimi subira sijajaliwa.

Ndipo akasema, bila kuinua kichwa: "Mwaka jana nilikuja hapa na mimba, nikarudi Same mikono mitupu. Udongo wa huku haunitaki, Mama. Mbegu hizi zikishika, nitajifungulia hapa kwako. Zikifa, nateremka kwa mama yangu." Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi.

Yule mtoto wa kwanza alizaliwa alfajiri, na adhuhuri alikuwa ameshaondoka. Kitovu nilikikata mimi. Kaburi lake liko nyuma ya migomba, na Koleta tangu afike hajapita upande ule.

Sitaki ateremke. Njia ya mlimani inateleza hata kwa mtu mwepesi. Lakini niandike ukweli wote, maana hakuna atakayeusoma: nataka mjukuu azaliwe mikononi mwangu. Tangu mume wangu Simeoni afariki nyumba hii ina ukimya unaonichosha kuliko kulima. Nimeziombea mbegu za nyanya leo. Mungu anisamehe, sikuombea kingine.

Jumatatu, 19 Machi

Zimeota! Koleta ameniita niache sufuria motoni. Uji umeungua, tumeula hivyo hivyo.

Jumapili, 25 Machi. Pasaka

Kanisa limejaa mpaka mlangoni. Koleta ni Mkatoliki, lakini huku kwetu Ugweno kanisa lililo karibu ni hili letu la Kilutheri, basi alikaa nami na akapiga ishara ya msalaba wake bila woga. Jirani yangu Yudith akanigonga kiwiko. Nami nikamgonga changu, kwa nguvu zaidi.

Baada ya ibada huyo huyo Yudith akaja kukagua kitalu, kwa kuwa hakuna kinachoota Ngujini asichokikagua. "Imebanana mno," akasema. "Punguza, binti, ng'oa nusu."

Koleta akaitazama miche ile kwa muda mrefu. "Nimng'oe nani?"

Yudith akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 28 Machi

Mvua.

Alhamisi, 29 Machi

Mvua. Makande ya jana yamechacha.

Jumapili, 1 Aprili

Miche mitatu imelala. Si kwamba imekatwa na mdudu. Shina limenywea pale linapogusana na udongo, limekuwa jembamba kama uzi, na juu jani bado ni la kijani, halijui kama limekufa. Koleta ameisimamisha kwa vijiti. Nimeona aibu kumwambia kwamba haisaidii.

Jumanne, 3 Aprili

Upande mzima wa juu umelala. Juu ya udongo kuna ukungu mweupe, mwembamba, unaonekana vizuri ukiinama. Koleta amekula vijiko viwili vya uji na kusema ameshiba. Nimemuuliza mtoto anacheza? Akasema anacheza. Nikamuuliza tena jioni.

Jumatano, 4 Aprili

Leo wakati wa kufunga zahanati nimemkuta mganga wetu, Bwana Aminiel, akipekua kabati la dawa. Alikuwa ameshika ile chupa ya rangi ya kahawia yenye dawa ya povu, ile haidrojeni peroksaidi tunayooshea vidonda, akitaka kuimwaga.

"Imekaa wazi siku nyingi," akasema. "Nguvu zimeisha. Jana imetoa povu la kivivu."

"Nipe mimi."

"Unataka kuosha kidonda cha nani, Mama Sefania?"

"Cha nyanya."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nilipomweleza habari za ukungu ule akaacha kucheka, akaigeuza chupa mkononi. Alisema dawa hii ikimaliza kazi yake hubaki maji na hewa tu, haiachi sumu, na kwamba usaha na uozo haviistahimili. "Lakini mimi nilifundishwa watu, sikufundishwa nyanya," akasema, akanipa.

Nimepanda mlima nimeikumbatia kifuani. Sijapanda upesi hivi tangu nilipokuwa msichana.

Alhamisi, 5 Aprili

Leo sikwenda kazini mpaka nimemaliza jambo langu. Nilimwita Koleta, nikamwonyesha chupa. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wagonjwa: dawa ikikutana na uozo, inatoa povu, na povu ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Unamwaga, unangoja, unamwaga tena. Povu likiisha, kidonda kimetakata.

Nikamimina kwenye kitalu. Udongo ukafanya ssss, povu jeupe likapanda katikati ya miche. Koleta akapiga magoti pamoja na tumbo lake lile.

"Mama, inachemka!"

"Inakula uozo."

"Mwagia na hapa. Na hapa."

Nikamwagia. Povu likatulia, nikamimina tena, likapanda tena. Nikamimina. Vidonda vyote nilivyoosha maishani huchoka baada ya mara mbili tatu, lakini udongo ule haukuchoka. Nikajiambia, kumbe umeoza kiasi hiki, bahati yetu tumewahi. Mkono wangu una mazoea yake, na mazoea yanasema usiache mpaka povu liishe. Niliacha tu kwa kuwa chupa ilikuwa inakwisha. Nikabakiza kidogo chini, nikasema tutamalizia kesho.

Koleta alikula ugali wote mchana. Nimekwenda zahanati nikiimba.

Ijumaa, 6 Aprili

Nimeiua.

Asubuhi majani ya katikati yalikuwa yamebabuka, mengine meupe kabisa, na miche imelalia ubavu kwa safu, pale pale nilipomimina zaidi. Iliyosalimika ni ya pembeni tu, ambako mkono wangu haukufika vizuri. Nyanya zilikuwa zinaumwa, mimi nikaja nikazimaliza.

Nimemwambia Koleta pale pale, kabla hajauliza: "Ni mimi. Nimemimina dawa kali bila maji, na nimemimina nyingi mno." Hakulia. Afadhali angelia. Akasema, "Ulitaka kusaidia, Mama," halafu akaongeza, "Basi njia ikikauka kidogo nitateremka."

Zahanati nilimsimulia Bwana Aminiel. Hakunicheka safari hii. Alichukua kipande cha kiazi kibichi kilichokuwa kwenye chakula chake cha mchana, akakidondoshea dawa kutoka chupa mpya. Kikatoa povu. Kiazi kizima, kizuri, hakina hata doa. "Si uozo peke yake unaotoa povu," akasema. "Chochote chenye uhai kitatoa. Na mimi kusema dawa ile imechoka, nilikuwa nafikiria ngozi ya watu, sikufikiria mizizi."

Kwa hiyo udongo ule ulikuwa unatoa povu kwa kuwa u hai, nami nikaukomesha. Jioni nimelia jikoni. Koleta alipochungulia nikasingizia kuni mbichi.

Jumamosi, 7 Aprili

Yudith amekuja alfajiri na miche yake ya nyanya, mizuri, imefungwa kwenye jani la mgomba. Akaninong'oneza: "Ichomeke sasa hivi akiwa amelala. Atajuaje?" Wakati mwingine Yudith huyu nampenda mpaka basi, na sijawahi kumwambia.

Nimefika na miche hiyo hadi ukingoni mwa kitalu. Nikakumbuka kwamba Koleta anaijua miche yake mmoja mmoja, hata hakuweza kuing'oa. Nimemrudishia Yudith. Ameniita mjinga.

Jumapili, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Njia imebomoka chini ya shule, hakuna anayepanda wala kuteremka. Nimemshukuru Mungu kwa maporomoko, sala ambayo mchungaji asingeipenda.

Jioni mvua ilipotulia kidogo, nimetoka kutafuta kuku, nikamkuta Koleta ameinama kitaluni na kibuyu. Anamwagilia. Baada ya siku nzima ya mvua, anamwagilia! Nikafungua kinywa nipige kelele, na sijui nini kilichonizuia. Labda uso wake. Sijamwona na uso ule tangu aje.

Nikauliza kwa sauti ndogo, ambayo sikujua ninayo: "Koleta, unamwagilia kila siku?"

"Asubuhi na jioni," akasema. "Wewe unapokuwa zahanati. Kwetu Makanya, Mama, maji ya kunawa uso ndiyo hayo hayo ya kunawa miguu, na yakibaki anapewa mbuzi. Hapa mfereji unapita mlangoni, unaimba mchana kutwa, wala hakuna anayegombana. Nikiwamwagia najisikia kama nimewapa kitu kizuri."

Nikamwona tena siku ile mvua ilipoanza, viganja wazi, na mimi nikimfokea. Msichana alikuwa anafurahi, mimi nikadhani ana wazimu. Nimeishi naye mwezi mzima bila kumwona.

Tukakaa kwenye gogo. Nikamweleza polepole kwamba mizizi nayo inavuta pumzi, na maji yakijaa inakosa hewa, ndipo uozo unapopata nafasi. Akauliza: "Basi niliyeiua ni mimi?"

"Tumesaidiana," nikasema.

Akacheka kidogo kwa pua. Halafu akalia, hatimaye, nami nikamshika, na hapo kwenye gogo tukayalilia yote, na ya nyuma ya migomba pia. Kuku wakaingia ndani wenyewe.

Jumatatu, 9 Aprili

Tumechimba kijifereji kuzunguka kitalu maji yatoke. Tumesimamisha nguzo nne na kuezeka majani ya migomba, mvua isipige miche moja kwa moja. Koleta ameng'oa mwenyewe ile iliyobanana. Kila mmoja ameuambia samahani.

Ile dawa iliyobaki chini ya chupa nilitaka kuitupa, maana nilikuwa naiogopa. Koleta ndiye aliyesema tusitupe. "Kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji," akasema, "tena tujaribu kwanza kwa huu ulioinama. Huu hauna cha kupoteza." Nikauliza na povu je? "Lisipotoka tusilitafute," akasema. Nikaona aibu jinsi ilivyo rahisi.

Jumatano, 11 Aprili

Ule ulioinama haukubabuka. Haujainuka, lakini haujaanguka. Tumeipa mingine maji yale yale ya dawa, kidogo shinani, kisha tukaiacha.

Ijumaa, 13 Aprili

Mmoja umeanguka. Koleta ameutoa pamoja na udongo wake akautupa mbali.

Jumapili, 15 Aprili

Hakuna ulioanguka. Mvua.

Jumatatu, 16 Aprili

Hakuna. Ukungu umetoweka.

Jumatano, 18 Aprili

Hakuna. Wanaume wa kijiji wameanza kuizibua njia. Nimewaona nikiteremka zahanati, wanafanya kazi kwa bidii kupita kiasi. Nilitamani kuwapikia pombe wakae chini.

Jumanne, 24 Aprili

Njia imefunguliwa. Kikapu cha safari cha Koleta kiko ukutani, kimefungwa tangu siku aliyosema atateremka. Sikiulizi. Nikipita nakitazama.

Jumamosi, 28 Aprili

Sefania amekuja. Alipelekewa habari wakati ule wa miche kufa, na barabara ilipofunguka akaomba ruhusa. Ameingia na viatu vya tope, akaniamkia, akasema: "Nimekuja kumchukua, Mama. Ametaka kwenda Makanya."

Nikasema sawa. Nilisema hivyo kwa ulimi. Nikaenda kumwashia moto wa chai.

Koleta alikuwa kitaluni, anahamisha miche kuipeleka kwenye matuta. Iliyoishi ni tisa. Sefania akasimama ukingoni. "Tisa? Kitalu kizima, tisa?"

"Nisogezee ile mbolea," akasema Koleta.

"Lakini ulisema ikifa utateremka."

"Haikufa. Imeshika." Akaukandamiza udongo kwa viganja, kidogo tu, kama nilivyomfundisha. "Ukirudi Same utuletee kamba. Mwezi ujao itahitaji miti ya kuegemea."

Mwanangu akanitazama mimi, nami nikatazama birika. Miche minane ameipanda kwenye matuta. Wa tisa ameubeba pamoja na bonge lake la udongo, akaenda nao nyuma ya migomba, peke yake. Sefania alitaka kumfuata. Nikamshika shati.

Jumatano, 9 Mei

Maua. Ya njano, madogo. Yudith amekuja kukagua, akakosa kasoro, akaondoka amenuna.

Jumapili, 20 Mei

Baridi. Jani moja lilikuwa na doa, tumelikata. Miguu ya Koleta imevimba kidogo, nimeikanda kwa maji ya vuguvugu. Ananiita Mama kwa namna nyingine siku hizi, au masikio yangu ndiyo yamebadilika.

Jumanne, 5 Juni

Uchungu ulimshika asubuhi wakati wa kukamua mbuzi. Nimemtuma Yudith zahanati kumwambia Bwana Aminiel kwamba leo hanipati. Nimechemsha maji, nimechemsha wembe, nimenawa mpaka viwiko.

Nimezalisha wanawake wengi, na leo nilihangaika huku na huko kama ni mara yangu ya kwanza. Koleta akaona. Katikati ya uchungu wake akanishika mkono, akasema, "Mama, polepole." Yeye ananituliza mimi!

Mtoto ametoka kabla jua halijapanda sana. Msichana. Hakulia. Niliona midomo ya buluu, nikaona mwaka jana wote umerudi mlangoni. Nikamsafisha kinywa kwa kidole, nikamsugua mgongo, nikamsugua, nikimwita jina ambalo bado hana. Akapiga chafya. Halafu akalia, Yudith naye akalia nje ya mlango, nikamwambia anyamaze nisikie mtoto.

Nikamweka kifuani kwa mama yake. Nilidhani sasa tutafurahi. Lakini Koleta alikuwa anatazama kizingiti, ambapo jua huingia na kupungua kadiri adhuhuri inavyokaribia. Nikaelewa, nikakaa kitandani karibu naye. Mtoto alinyonya, akalala, tukaweka vidole mbele ya pua yake kwa zamu. Mwanga ukasogea, ukawa ukanda mwembamba, ukatoka kabisa kwenye kizingiti. Mtoto akafumbua jicho moja, akapiga miayo.

"Imepita," akasema Koleta.

"Imepita," nikasema.

Tukalala wote watatu kitanda kimoja, mchana kweupe, na mlango wazi.

Ijumaa, 8 Juni

Sefania amefika. Amelia kuliko mtoto. Ameleta kamba.

Jumamosi, 23 Juni

Nyanya ya kwanza imeiva. Koleta bado yuko ndani, maana kwetu mzazi hatoki mpaka atolewe, basi nimeichuma na kumpelekea kitandani. Ameinusa kwa muda mrefu, ameikata kwa kisu, akanipa nusu iliyo kubwa. Nikamwambia nyingine imeiva pia, ile ya nyuma ya migomba, ila sijaigusa. Akasema nisiiguse, ataichuma mwenyewe siku akitoka.

Kisha nikamwogesha mjukuu wangu kwenye karai. Nilimmwagia maji tumboni, akafurahi, akarusha miguu, nikamwagia tena. Mfereji unapita mlangoni, maji yapo tele, kwa nini nisimpe? Nikachota tena. Nilikuwa nimeshasahau kila kitu duniani.

"Mama," sauti ya Koleta ikatoka kitandani. "Inatosha. Utamwozesha mizizi."

Nikabaki na kata mkononi. Koleta akacheka, akacheka kwa sauti mpaka akashika tumbo, na Yudith akapaza sauti kutoka kwake kuuliza kuna nini. Nilimfunga mtoto kwenye kanga nikampeleka kwa mama yake.